Utafiti wa HCI: kuna maisha huko au ni kupaka rangi vitufe tu?

Swali limetoka kwa msomaji wa Mwanza: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza digrii ya sayansi ya kompyuta, sasa hivi niko kampuni moja tunatengeneza programu za simu. Mimi navutiwa zaidi na namna watu wanavyotumia programu kuliko mambo ya seva, na nataka kwenda masta, baadae PhD ya HCI (human-computer interaction), yaani utafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta na simu. Lekchara wangu wa zamani kaniambia hiyo ni fani ya watu wanaokimbia kuprogramu, kazi yao kupaka rangi vitufe. Ni kweli? Na mtu wa HCI anaajiriwa wapi, hasa huku kwetu?"

Marahaba mdogo wangu. Huyo lekchara usimchukie, wengi wa rika letu ndo tulivyofundishwa, kwamba kompyuta ni algoriti, mitandao na database, mtu aliyekaa mbele ya skrini hiyo shida ya watu wa masoko. Ila kwa hili kapotoka, na badala ya kukupa maana ya kitabuni ngoja nikuonyeshe watu ambao kazi zao unazishika mkononi kila siku na majina yao hujawahi kuyasikia.

Chukua Ben Shneiderman. Huyu ni mtu wa kompyuta haswa, PhD yake aliichukua Stony Brook, New York, mwaka 1973, na mwaka huohuo yeye na Isaac Nassi wakachapisha michoro ya kupanga programu ambayo mpaka leo inaitwa kwa majina yao. Sasa enzi hizo kila mwanafunzi alilazimishwa kuchora flochati, ile michoro ya visanduku na mishale ya hatua za programu, kabla hajaandika hata mstari mmoja, na hakuna aliyekuwa anauliza kama flochati inamsaidia mtu au inampotezea muda, ilikuwa ni desturi tu, umeikuta unaiendeleza. Shneiderman na wenzake wakachukua wanafunzi, wengine wakapewa flochati za kina wengine hawakupewa, wakawapa kazi za kuandika programu, kuielewa programu ya mtu mwingine, kutafuta makosa, kurekebisha, wakapima kila kitu. Majibu yakachapishwa 1977: flochati za kina hazikuleta faida yoyote ya maana. Fikiria makasiriko, manake kulikuwa na vitabu vizima vya kufundishia hiyo kitu.

Ukiniuliza mtafiti wa HCI anafanya nini, nitakwambia anafanya hivo hivo mpaka leo. Anachukua jambo ambalo mainjinia wote wanaliamini, analiweka mbele ya watu wa kawaida, anapima. Na ili upime lazima uwe umekijenga hicho kitu kwanza, kwahiyo hapo hoja ya kukimbia kuprogramu imeshakufa. Mwanafunzi wangu wa HCI anaandika programu nyingi kuliko mwenzake wa database, tofauti ni kwamba ya kwake inatumika kwa muda mfupi tu halafu inatupwa, kinachobaki ni data na pepa, yaani makala ya utafiti.

Mwaka 1976 Shneiderman akahamia Chuo Kikuu cha Maryland. Mwaka 1982 ukafanyika mkutano pale Gaithersburg, Maryland, uliowakutanisha watu wa kompyuta na wanasaikolojia, na kutokana na huo ndo likazaliwa CHI, kongamano kubwa la watafiti wa HCI, ambalo sisi tunalitegemea kama watu wa mpira wanavyotegemea Kombe la Dunia, la kwanza kwa jina hilo likawa Boston 1983. Mwaka huohuo akaanzisha maabara yake ya HCI pale Maryland.

Sasa fanya hivi. Shika simu yako, fungua programu yoyote yenye kitufe cha kutuma, kibonyeze ila usiachie kidole. Hakijatuma, si ndio? Sogeza kidole mpaka kitoke nje ya kitufe, achia. Bado hakijatuma. Kwa kawaida simu inahesabu pale unapoachia juu ya kitufe, haihesabu pale unapogusa, na mtu anapata nafasi ya kughairi kabla madhara hayajatokea. Unadhani hiyo imekuja yenyewe? Mwaka 1988 Potter, Weldon na Shneiderman walileta CHI jaribio la njia tatu za kuchagua kitu kwenye skrini ya kugusa, na ile inayokuonyesha muda wote uko wapi mpaka utakapoachia kidole ndo iliyokuwa na makosa machache zaidi. 1988! Skrini za kugusa zilikuwa kwenye mashine za makumbusho na vibanda vya taarifa, simu janja hakuna hata aliyeiota. Hapo kuna jambo moja la hii kazi inabidi ulimeze mapema: unaweza kupata jibu zuri kabisa na dunia ikaja kulihitaji baada ya miaka ishirini, na wakati huo hakuna atakayekupigia simu kukushukuru. Kama wewe ni mtu wa kutaka matokeo Ijumaa hii, baki huko kampuni, mshahara pia ni mzuri zaidi.

Kuna upande mwingine wa fani ambao unanoga sana kwa mtu anayependa hesabu. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Paul Fitts mwaka 1954 alionyesha kwamba muda wa mkono kufika kwenye shabaha unatabirika kwa hesabu, shabaha ikiwa mbali muda unaongezeka, ikiwa kubwa unapungua, na uhusiano wake ni wa logarithimu. Wakati huo hakuna kipanya cha kompyuta wala nini. Mwaka 1978 Card, English na Burr wa maabara ya Xerox PARC, California, wakachukua kipanya, joistiki na vitufe vya mishale, wakapima watu wanachagua maneno kwenye skrini. Kipanya kikashinda, ila utamu haupo hapo, utamu ni kwamba kasi yake ilikuwa inafuata hesabu ya Fitts karibu sawasawa na mkono mtupu, maana yake kinachokuchelewesha siyo kile kifaa, ni mkono wako na ubongo wako. Kwahiyo kuhangaika kutafuta kifaa kingine kipya cha kuelekezea kwa ajili ya kazi ile kulikuwa hakuna faida kubwa. Ndo sababu ukubwa wa kitufe na mahali kilipo kwangu mimi ni suala la hesabu, na mtu akiniambia "kuna nafasi kidogo hapa tukiweke kitufe cha kufuta karibu na cha kuhifadhi" mapigo yanapanda.

Halafu kuna kibodi. Hii nitakaa nayo kidogo kwa sababu nadhani ndani yake kuna utafiti wako.

Ile kuandika kwa kuburuta kidole juu ya herufi bila kukiinua, moja ya mizizi yake mikubwa ni kazi ya Shumin Zhai, wakati huo yuko maabara ya IBM ya Almaden, California, na Per Ola Kristensson, kijana aliyekuwa anasoma Linköping, Sweden. Pepa yao ya kwanza ilikuwa CHI 2003, ya pili 2004, na wakati huo ilikuwa ni kalamu kwenye skrini, siyo kidole. Android ikaja kuiweka kwenye kibodi yake ya kawaida mwaka 2012 na iPhone 2019. Zhai alishahamia Google, Kristensson sasa hivi ni profesa Cambridge. Umeona maisha hayo? Mmoja muda mwingi kakaa kwenye maabara za makampuni, mwingine kaenda chuo, na wote wametoka kwenye swali lile lile moja.

Inavyofanya kazi ni kwamba kila neno lina umbo lake bora juu ya kibodi, mstari unaounganisha herufi zake. Wewe ukiburuta kidole hovyo hovyo programu inalinganisha mstari wako na maumbo ya maneno iliyonayo kwenye orodha, inachanganya na uwezekano wa neno lenyewe kutokea kwenye sentensi, inakupa lililo karibu. Kwa Kiingereza orodha ya maneno elfu kadhaa inakutosha kwa maongezi mengi. Sasa njoo kwetu. Chukua kitenzi kimoja tu, kupiga. Nafsi 6 za mtenda, nyakati 4 tu za haraka haraka yaani na, li, ta, me, nafsi 6 za mtendwa, hapo kwenye karatasi tayari una maumbo 144, toa machache yasiyosemeka kama "nilinipiga". Na hapo hujaweka ngeli nyingine, hujaweka kukanusha, hujaweka pigia, pigiana, pigwa, pigisha, hujaweka "nilipompigia" na "hatujakupigieni". Orodha inalipuka. Ndo maana unaandika "nimeshakutumia" simu inakuletea neno la ajabu ambalo kama unamwandikia mkwe unaweza kuvunja ndoa.

Huoni kuna PhD hapo? Utatengeneza kibodi inayoelewa viambishi badala ya kukariri maneno mazima, utawaita watu, utapima. Na hapo utakutana na kitu kitakachokuchekesha: vipimo vyenyewe vimekaa kizungu. Kasi ya kuandika tunaihesabu kwa maneno kwa dakika, na "neno" kwenye hesabu hiyo ni herufi 5 pamoja na nafasi. Sentensi ambazo watafiti wengi wanawapa watu wazinakili ni zile 500 za MacKenzie na Soukoreff za mwaka 2003, za Kiingereza. Kwahiyo kabla hujapima kibodi ya Kiswahili inabidi uandae sentensi za Kiswahili zinazofanana na watu wanavyochati kweli, na hiyo peke yake ni mchango ambao wenzako watautumia kwa miaka. Na kumbuka watu wetu hawachati Kiswahili cha kamusi, wanachanganya, wanaandika "cjui", "2nakuja", "xaxa", ukiwapa sentensi za kitabuni utapima kitu kingine kabisa.

Usidhani pia HCI yote ni maabara na saa ya kupimia. Kuna Mkenya, Shikoh Gitau, PhD yake ya kompyuta kaichukua Chuo Kikuu cha Cape Town chini ya Gary Marsden. Yeye, Marsden na Jonathan Donner walikaa na wanawake 8 wa Cape Town ambao hawajawahi kugusa kompyuta wala intaneti, wakawafundisha kutumia intaneti kwenye simu walizonazo wenyewe, hawakuwanunulia simu mpya. Pepa ikaenda CHI 2010. Walichokiona ni kwamba kuwa na simu yenye intaneti mkononi haimaanishi mlango umefunguka, huduma nyingi zilijengwa na mtu aliyefikiri kila mteja ana kompyuta nyumbani na barua pepe tayari. Wanawake 8 tu, na pepa inasomwa mpaka leo, kwa sababu swali lilikuwa la maana na walikaa nao wiki nyingi. Baadae Gitau hakubaki chuo, akaenda kwenye makampuni na sasa ana kampuni yake Nairobi, Qhala. Hiyo nayo ni njia.

Mimi mwenyewe ninachopenda kukifanya ni kukaa kibandani kwa wakala wa pesa za simu, nikakaa tu. Kuna mama muuza dagaa alikuwa anatuma pesa kwa kiswaswadu chake na macho yako kwa mteja wake muda wote, kidole kinakwenda chenyewe, nyota namba alama ya reli, kisha moja, moja, namba ya mtu, kiasi, namba ya siri. Menyu hakuwa anaisoma kabisa, alikuwa ameikariri kama wimbo. Wiki ambayo kampuni moja iliongeza kipengele kipya juu kabisa ya menyu, kila kitu kikashuka nafasi moja, na mama akajikuta yuko kwenye mkopo. Akakata. Akaanza upya, akakata tena, mara muda wa menyu ukaisha ikajifunga yenyewe. Sasa wewe ukiwa ofisini ukaangalia takwimu utaona "mteja ameacha katikati" na utaita kikao cha kujadili kwa nini wateja hawapendi huduma. Hakuna database yoyote itakayokwambia kwamba kuna mtu alikuwa anaongea na mteja wa dagaa. Ile hatua ya kukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, ambayo siku hizi tunaiona ya kawaida, ni usanifu wa aina hii hii, mtu amekaa akatambua kosa linatokea wapi akaweka kizuizi kabla ya pesa kuondoka, na sidhani kuna algoriti iliyookoa pesa nyingi za watu kuliko kale ka mstari ka jina.

Haya, ajira. Nikuambie ukweli bila sukari. Vyuo vyetu vingi havina idara ya HCI, utaajiriwa kama mhadhiri wa kompyuta, utafundisha database na mitandao kama kawaida na utafiti wako utaubana katikati, mpaka ujenge jina na uanze kupata fedha zako mwenyewe. Maabara za utafiti za makampuni zipo chache, Nairobi kuna kituo cha utafiti cha Microsoft kinachoongozwa na Jacki O'Neill ambaye mwenyewe ni mtafiti wa HCI, na hizi nafasi ushindani wake unaujua. Kundi kubwa zaidi ni makampuni ya simu, mabenki, kampuni za fedha za simu na miradi ya afya, huko cheo kinaitwa mtafiti wa watumiaji au majina yanayofanana na hayo, na mara nyingi hawaitaji PhD, masta na mifano ya kazi ulizofanya inatosha. Kwahiyo jiulize mapema unachotaka ni utafiti wa kuchapisha au utafiti wa kusaidia bidhaa, manake PhD ni miaka minne mitano mpaka sita na usiende huko kwa sababu ya cheo.

Kuhusu kusoma: masta ndo ngumu kupata ufadhili, angalia Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya na DAAD ya Ujerumani, tarehe zao ni za mapema sana kuliko watu wanavyodhani. Ila wengi hawajui kwamba Marekani unaweza kuomba PhD moja kwa moja na digrii ya kwanza, idara nyingi za kompyuta zinakulipia ada na posho kama msaidizi wa kufundisha au utafiti. Sweden na Finland mwanafunzi wa PhD mara nyingi ni mwajiriwa, anatangaziwa nafasi kama kazi na analipwa mshahara. Cape Town nayo bado ipo, japo Marsden alifariki Desemba 2013, na kuna mfuko wenye jina lake unaosaidia wanafunzi wa nchi kama zetu kuhudhuria makongamano ya fani. Na fuatilia AfriCHI, kongamano la HCI la Afrika, lile la kwanza lilifanyika Nairobi 2016, pale ndo utakutana na watu ambao hutahitaji kuwaeleza kiswaswadu ni nini.

Kabla hujaomba popote jifunze takwimu. Hapa ndo watu wa kompyuta wanaanguka, wanajenga kitu kizuri halafu wanawapa marafiki zao kumi wakijaribu, wote wanasema kizuri, wanaandika "watumiaji wameridhika". Rafiki yako atasema kizuri hata kikiwa kibovu. Na usije ukaniletea ile ya "watu 5 wanatosha", hiyo ilisemwa na kina Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, kuhusu kutafuta kasoro za skrini ili uzirekebishe uendelee, haikusemwa kwamba watu 5 wanathibitisha kibodi A ni bora kuliko B. Jifunze R, ile programu ya takwimu, jifunze jaribio la t na anova, yaani njia za kupima kama tofauti uliyoiona ni ya kweli au ni bahati tu, na kwa nini unabadilisha mpangilio ili nusu ya watu waanze na A nusu waanze na B, bila hivo watu wataonekana wazuri kwenye kile cha mwisho kwa sababu tu wameshazoea. Jifunze pia kumhoji mtu bila kumwekea jibu mdomoni, hii ni ngumu kuliko takwimu, na watu wetu kwa adabu watakukubalia kila kitu hasa ukiwa umevaa kitambulisho cha chuo.

Na vibali usivipuuze. Utafiti wa watu Tanzania unapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Kenya tume yao ni NACOSTI, na chuo kitataka kamati ya maadili iupitishe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 nayo ipo, kwahiyo ukirekodi sauti ya mama wa dagaa lazima ajue unaipeleka wapi na awe na uwezo wa kukwambia futa.

Cha kufanya sasa hivi ukiwa bado kazini: tengeneza kibodi ndogo ya Android, kuna mifano ya bure ya kuanzia, iwe inarekodi muda wa kila herufi na kila kufuta. Andaa sentensi zako za Kiswahili cha kuchati, tafuta watu ishirini na kitu ambao siyo mainjinia, wape kibodi mbili, pima kasi na makosa. Andika kurasa nne tano za ulichokiona, weka na kile kilichokushangaza. Ukimwandikia profesa unayetaka akusimamie usimtumie barua ya "I am a hardworking student", wanapata mia za namna hiyo, mwandikie mistari sita: nimesoma pepa yako fulani, nimejaribu wazo lake kwa Kiswahili, limevunjika hapa, jedwali hili hapa, nataka kujua kwa nini. Tuma mwezi wa nane au wa tisa, manake maombi mengi ya PhD Marekani yanafungwa Desemba, ukisubiri Novemba utakuta ameshajaa au anahangaika na marekebisho ya pepa zake. Na hizo kurasa ukiziandika nitumie kwanza nizipitie, za takwimu hasa.